Bakteria wa Tumboni na Kuvimbiwa kwa Muda Mrefu
Tangu Barry Marshall na Robin Warren walipomtambua bakteria Helicobacter pylori mjini Perth, Australia, mwaka 1982, kiumbe huyu, ambaye huistahimili asidi ya tumbo kwa kugeuza urea kuwa amonia inayoipunguza makali, amelaumiwa kwa karibu kila tumbo linalojaa gesi baada ya mlo. Lawama hizo zimezidi kipimo, kwani wengi walioambukizwa hawahisi lolote, na miongoni mwa wenye dispepsia, yaani maumivu ya chembe ya moyo au kushiba upesi kwa miezi mingi bila kidonda chochote kuonekana, ni wachache tu wanaopona kwa antibiotiki. Kumpima mgonjwa kwanza bado ni busara, ila anayemeza omeprazoli ya dukani, dawa ya kupunguza asidi, kabla ya kipimo cha kinyesi au pumzi huweza kuambiwa hana maambukizi ilhali anayo.