Mvuvi Hutii Sheria kwa Sababu Gani?

Sisi wa Haydom ni watu wa mahindi, ngano na ng'ombe. Samaki hutufikia sokoni: dagaa wa Ziwa Viktoria wakiwa kwenye magunia, sato waliokaushwa, na katika miaka ya maji mengi, samaki wa Ziwa Eyasi lililo bondeni, kaskazini mwetu. Ndiyo maana mijadala ya sheria za uvuvi hutupita kama habari za nchi ya mbali. Hata hivyo, ndani yake mna swali linalotuhusu sote: ni nini kinachomfanya mtu mwenye watoto wanaosubiri chakula aitii sheria usiku, katikati ya maji, mahali ambapo hakuna askari anayemwona?

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake, inakataza sumu, baruti, makokoro, nyavu za timba na nyavu zenye macho madogo. Katika Ziwa Viktoria, kwa miaka mingi ilikatazwa kuvua sangara asiyefika sentimita 50, kwa kuwa hajazaa bado, na yule anayezidi sentimita 85, kwa kuwa ndiye mzazi mkuu. Sato asiyefika sentimita 25, yaani shubiri moja na kidole au viwili, naye aachwe akue. Sababu zake ni nyepesi kueleweka, na hatudhani kuna mvuvi mzoefu asiyezijua.

Jibu ambalo Serikali nyingi hulikimbilia ni hofu. Tunaikumbuka Operesheni Sangara ya mwaka 2018: nyavu zilichomwa moto, faini zikatozwa, na mwezi Juni maofisa wakaingia na rula hata katika mgahawa wa Bunge jijini Dodoma, wakapima samaki waliokwisha kupikwa. Wengi tulicheka. Wale ambao mitaji yao iligeuka majivu hawakucheka. Hofu ina kazi yake, wala hatuidharau. Lakini doria huondoka, na ziwa hubaki pale pale.

Watafiti wawili, Håkan Eggert na Razack Lokina, waliwauliza wavuvi wadogo wa upande wa Tanzania wa Ziwa Viktoria jinsi wanavyoifuata kanuni ya ukubwa wa macho ya nyavu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanafaa kutafakariwa. Uwezekano wa kukamatwa na kuadhibiwa unampunguzia mvuvi ujasiri wa kuvunja sheria, naam. Lakini anatazama pia kama kanuni yenyewe ni halali machoni pake, na jinsi wenzake wanavyotenda. Kisha wakakuta kundi dogo la watu ambao si adhabu wala maadili yanayowagusa: hao huvunja sheria siku zote na hutoa rushwa ili wasiadhibiwe.

Hapo ndipo tunapoona kidonda chenyewe. Mvuvi mwaminifu anayemwona jirani akivua kwa timba na kurudi nyumbani salama kwa sababu amempoza mkaguzi, atavumilia msimu mmoja, labda miwili. Baada ya hapo uaminifu wake unaanza kufanana na ujinga. Samaki aliowaacha wakue wanavuliwa na mwingine kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo rushwa ya wachache haipotezi faini tu, bali inawavunja moyo wale waliotii bila kusukumwa.

Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi katika sura ya 13, anataka mamlaka itiiwe si kwa kuogopa ghadhabu peke yake, bali pia kwa ajili ya dhamiri. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza jambo ambalo mara nyingi tunalisahau: sheria huifunga dhamiri ikiwa ni ya haki, na mojawapo ya alama za haki ni kwamba mizigo inagawanywa kwa usawa kwa ajili ya manufaa ya wote. Tuipime mialo yetu kwa kipimo hicho. Anayechagua nyavu ni mwenye mtumbwi. Anayezitupa majini ni kibarua anayelipwa kwa fungu la samaki waliopatikana. Usiku doria inapofika, tajiri yuko nyumbani amelala.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Hatua ya namna hiyo ina nguvu moja ambayo doria haina: kila mmoja anajua kwamba mwenzake pia ameegesha mtumbwi. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mama anayeanika dagaa na kwa kijana anayebeba mizigo mwaloni. Hao hawamiliki hata wavu mmoja, ila wanaishi kwa ziwa. Anayewadai utii anadaiwa naye kuwauliza watakula nini.

Eyasi ina ugumu wake. Ni ziwa la magadi, lenye kina kifupi, na miaka mingine hukauka karibu lote. Mvuvi wa huko anaweza kuuliza: nimwachie nani samaki mchanga, ikiwa jua litamchukua kabla ya mwaka kesho? Hilo si swali la mkaidi. Vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali, vile tunavyoviita BMU, viliundwa ili maswali ya namna hiyo yajibiwe na wanaolijua ziwa, wakisaidiwa na wataalamu. Panapokuwa na kikao cha kweli, mvuvi huilinda kanuni kama mali yake. Pale ambapo muhtasari huandikwa mezani na sahihi kukusanywa baadaye, kanuni inabaki kuwa ya bwana samaki.

Nasi tulio mbali na maji tumo ndani ya habari hii. Sato wa urefu wa kiganja anayepangwa kwa mafungu sokoni alivuliwa kwa sababu yupo atakayemnunua, na mara nyingi ni sisi, tukitoka Misa ya Dominika, tunaochagua fungu la bei ndogo bila kuuliza limetoka ziwa gani.