Marubani na jaketi la ngozi: nasema wavae, lakini kwa masharti

Leo tuiache kompyuta kidogo. Au tuseme tuizunguke tuingie kwa mlango wa nyuma, maana mkifika mwisho mtaona hatukwenda mbali nayo.

Swali ni hili: je, rubani wa ndege ya abiria anafaa kuvaa jaketi la ngozi juu ya sare yake? Wako wanaosema ni fahari ya kazi, kama vile daktari na koti lake jeupe. Wako wanaosema ni ubishoo mtupu, kwamba mtu aliyekabidhiwa roho za watu mia tatu hapaswi kuonekana kama anaelekea kwenye mbio za pikipiki. Kule Marekani mashirika kadhaa yalishaamua, na marubani wa Southwest kwa mfano wamezoeleka kwa miaka mingi na majaketi yao ya ngozi. Huku kwetu tumezoea zaidi koti la kitambaa lenye mistari ya dhahabu mikononi, au shati jeupe tu lenye mistari mabegani.

Mimi niko upande wa kuruhusu. Lakini nina masharti manne, na nitayaeleza moja baada ya jingine. Kwanza tujue jaketi lenyewe lilitoka wapi.

Ndege za mwanzo hazikuwa na paa juu ya rubani. Hewa hupoa kwa takriban digrii 6.5 kila upandapo mita 1,000. Chukua asubuhi moja ya Julai hapa Nairobi, digrii 12 hivi, watu wote wamejikunyata kwenye matatu. Panda mita 2,000 juu ya mji na umeshafika chini ya sifuri kidogo, tena upepo unakupiga usoni kwa kasi kuliko basi la Mombasa usiku wa manane. Sweta haisaidii kitu hapo. Ngozi inazuia upepo, haichaniki ovyo, na mafuta ya injini yakikurukia unapangusa tu. Wakati ule lilikuwa kifaa cha kazi kama vile gamubuti za mkulima.

Mwaka 1931 jeshi la Marekani lililipitisha rasmi jaketi liitwalo A-2 kwa marubani wake, lililotengenezwa kwa ngozi, hasa ya farasi. Ndilo lile mnaloliona kwenye filamu za vita. Lakini mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, jeshi hilohilo liliacha kuagiza majaketi mapya ya ngozi likageukia ya kitambaa. Kisha mwaka 1988 Jeshi la Anga la Marekani likairudisha A-2. Kumbuka kwamba 1988 hakuna rubani wa ndege ya kivita aliyekuwa anapigwa na upepo usoni. Walilirudisha ili kuwapa watu ari.

Hapa ndipo sisi tunaoandika programu tunatakiwa kutabasamu. Fungua programu yoyote ya zamani ya kuandikia barua, utafute kitufe cha kuhifadhi. Utakuta picha ya disketi. Vijana wengi wanaoibonyeza hawajawahi kushika disketi maishani mwao. Kazi ya kitu imekufa, alama yake imebaki, na bado kila mtu anaielewa. Jaketi la rubani ni disketi ya namna hiyo. Kwangu mimi hilo si kosa. Alama inayoeleweka ni mali. Cha kuuliza ni: inaeleweka kuwa nini?

Kwa sababu kuna alama ya pili iliyokuja kushindana nayo. Miaka ya 1930 shirika la Pan Am la Marekani lilikuwa linasafirisha abiria kwa ndege kubwa za kutua majini. Likawavisha marubani wake kama maafisa wa meli, likawaita kwa vyeo vya meli, na mistari ya mikononi ikafuata: minne kwa nahodha, mitatu kwa msaidizi wake. Haikuwa bahati nasibu. Abiria wa siku zile alikuwa anamjua rubani kama mtu wa sarakasi, kijana jasiri wa miwani na jaketi la ngozi ambaye leo yuko na kesho humwoni. Pan Am walitaka abiria amwone mtu mwingine: baharia mtulivu anayejua hesabu za njia na aliyevuka bahari mara nyingi. Sisi Waswahili jambo hili halitupi shida kulielewa, kwa sababu hata neno letu rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani. Rubani alikuwa yule anayekiongoza chombo. Na wahenga wa pwani walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Sare ile nayo iliundwa.

Kwa hiyo ubishi wa ngozi na kitambaa ni ubishi wa picha mbili: shujaa wa peke yake, na nahodha mwenye mabaharia wake. Anayesema jaketi ni nguo tu hajaitazama historia.

Sasa nije kwenye masharti.

La kwanza, mistari ionekane. Abiria hawezi kumpima rubani. Hawezi kumwuliza ana saa ngapi angani. Anaisoma sare kama vile mtumiaji anavyousoma uso wa programu, bila kujua chochote kuhusu kilicho ndani. Wapo wanaodai kwamba jaketi litaharibu usalama, kwamba yeyote anaweza kununua la ngozi mtumba akajifanya rubani. Jamani, hata suti yenye mistari inashonwa na fundi yeyote. Frank Abagnale wa Marekani alijipatia umaarufu kwa kusimulia jinsi alivyojifanya rubani kwa sare tu, na ingawa sehemu kubwa ya masimulizi yake imepingwa, somo linabaki: nguo ni nywila dhaifu. Kazi ya kumtambua mtu ni ya kitambulisho na mlango wenye kufuli. Anayeitegemea sare kwa ulinzi ameacha mlango wazi tayari.

Lakini kuna wakati sare inafanya kazi ambayo kitambulisho hakiwezi. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo. Watu watano wa ndege ile ndogo walifariki. Ndege kubwa ilikuwa inawaka moto, na mfumo wa kutangazia ndani haukufanya kazi. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Abiria 367 na wafanyakazi 12 walitoka wote hai. Ndani ya moshi unahitaji kujua kwa mtazamo mmoja ni nani anayestahili kutiiwa. Jaketi la ngozi lisilo na mistari linamfunika rubani akafanana na abiria wa safu ya 14. Kwa hiyo mistari iwekwe mabegani juu ya jaketi lenyewe, na iwe ya rangi inayoonekana gizani. Kama fundi hawezi kuiweka, jaketi libaki nyumbani.

La pili, ngozi iwe ngozi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imewashauri abiria kwa miaka mingi wavae vitambaa vya asili wanaposafiri: pamba, sufu, na hata ngozi. Sababu ni rahisi. Nailoni na nguo nyingine za plastiki zikipata moto huyeyuka na kukugandia mwilini. Ngozi halisi haifanyi hivyo. Kwa hesabu hii jaketi la ngozi linaishinda suti ya bei nafuu ya poliesta ambayo imejaa maofisini. Lakini mhasibu wa shirika akija na wazo la kuokoa pesa kwa kununua ngozi ya bandia, ajue amenunua plastiki iliyopakwa rangi. Hapo faida yote imeyeyuka, na simaanishi kwa mafumbo.

La tatu, jaketi liwe sawa kwa nahodha na msaidizi wake. Hili ndilo sharti ninalolishikilia zaidi.

Tarehe 30 Oktoba 1935, kule Ohio, ndege mpya ya Boeing iitwayo Model 299 iliruka mbele ya maafisa wa jeshi, ikapanda wima kupita kiasi, ikaanguka. Watu wawili walikufa. Ndege ilikuwa nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba kifungio cha mabawa ya kuiongoza hakikuwa kimefunguliwa kabla ya kuruka. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa rubani mzoefu. Dawa iliyopatikana haikuwa kutafuta shujaa mkubwa zaidi. Ilikuwa karatasi: orodha ya ukaguzi, isomwe kila mara, hata na anayeikumbuka kwa moyo. Sisi wa programu tunaijua dawa hii. Anayerusha programu kwa wateja bila kupitia orodha ya majaribio kwa sababu ana uzoefu wa miaka kumi ndiye atakayetuamsha usiku.

Halafu kuna Tenerife, 27 Machi 1977. Ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Nahodha wa KLM alianza kuruka bila ruhusa. Mhandisi wake wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, akajibiwa kwa uhakika kuwa imetoka, safari ikaendelea. Nahodha yule alikuwa mkufunzi mkubwa, uso wake ulitumika kwenye matangazo ya shirika. Tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini Tenerife ilituonyesha upande wa pili: nahodha mmoja asiyeulizwa mara ya pili naye hukipeleka chombo mrama. Baada ya hapo, kuanzia kikao cha NASA cha mwaka 1979 na mafunzo ya United mwaka 1981, marubani walianza kufundishwa rasmi namna ya kusema na namna ya kusikiliza ndani ya chumba kile.

Angalieni basi: KLM lilikuwa shirika la suti na mistari. Suti haikumwokoa mtu. Kwa hiyo sikubali kwamba kitambaa huleta nidhamu na ngozi huleta kiburi. Ninachokataa ni kumpa nahodha peke yake jaketi kama tunu ya ukubwa. Ukifanya hivyo umemwambia msaidizi, kabla injini hazijawashwa, kwamba aliyekaa kushoto ni wa kabila jingine. Wape wote wawili au usimpe yeyote.

La nne, liwe hiari, na shirika ndilo lilipe. Rubani anayetua Mombasa saa saba mchana hahitaji kuchemshwa ndani ya ngozi kwa ajili ya picha. Ila yule atakayepaki mahali penye theluji Januari anahitaji kitu cha maana, kwa sababu kabla ya kila safari mmoja wao hushuka akaizunguka ndege kwa miguu kuikagua. Wengi wetu tukiwa tumekaa ndani na simu zetu hatulioni hilo.

Na ukaguzi huo si tambiko. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú iliondoka Lima usiku ikiwa vitundu vyake vya kupimia hewa bado vimezibwa kwa utepe uliosahauliwa baada ya kuoshwa. Waliokagua hawakuuona. Marubani wakaruka gizani na vyombo vinavyodanganya urefu na kasi, hadi wakaigonga bahari. Watu 70 walikufa. Sisemi jaketi lingewaokoa. Usiku ule tatizo halikuwa baridi. Nasema kwamba dakika zile kumi za kuzunguka ndege zina uzito wa roho, na mtu anayetetemeka huzipunguza zikawa nne. Nguo yoyote inayomfanya akae nje bila haraka ni sehemu ya ndege.

Mwaka 1995 IBM, kampuni iliyosifika kwa suti nyeusi na mashati meupe, iliacha kuwalazimisha watu wake kuvaa hivyo. Tangu wakati huo tumeandika programu nzuri na mbovu tukiwa na fulana. Ubora ulikuja na kupotea kwa sababu nyingine: nani alikagua kazi ya nani, na nani aliogopa kusema.

Basi wakuu wa mashirika wakikaa kikao cha kujadili ngozi na kitambaa, naomba watumie nusu saa tu. Washone mistari juu, wanunue ngozi ya kweli, wawagawie sawa, wamwachie mtu achague. Saa zilizobaki za kikao wazitumie kumwuliza rubani msaidizi mdogo kuliko wote: mara ya mwisho ulipoona kosa, ulisema?