Tegu wa ngamia hafungi bandari

Mwezi Septemba 2000 Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo hai kutoka Pembe ya Afrika. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imeua watu Jizan. Wasomaji wetu waliopata kuishi Ghulail, mtaa wa Jeddah uliobomolewa kuanzia mwishoni mwa 2021, wanajua ni wanyama wangapi wa upande wetu huchinjwa kule msimu wa Hija, kwa hiyo wanaelewa kishindo cha marufuku ile. Kwa Somalia haikuondolewa hadi 2009. Tangu hapo wakubwa wetu wamejifunza kuogopa ugonjwa unaofunga bandari.

Tegu hafungi bandari, ndiyo maana hakuna anayemjali. Tunamsema yule tegu mdogo wa mbwa, urefu wake milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kubaki kwenye majani na maji. Ngamia akiyala, huota vifuko vya maji mapafuni na kwenye maini. Siku ya kuchinjwa mapafu mabovu hutupwa, mbwa hula, mambo yanaanza upya. Binadamu naye huyameza mayai kwa mikono michafu, kwa maji, au mtoto anapocheza na mbwa. (Hayapati kwa kula nyama ya ngamia, tuliseme hilo mapema kabla wauza nyama wa Eastleigh hawajatupigia simu.) Kifuko hukua ndani ya ini miaka kadhaa bila maumivu, hadi tumbo livimbe. Kikipasuka kinaweza kuua.

Turkana iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi wa maradhi haya duniani. AMREF ilianza kampeni huko 1983: mbwa walipewa dawa, wengine wakapunguzwa, wananchi wakaelimishwa, wagonjwa wakasakwa vijijini kwa ultrasaundi na kupasuliwa. Maambukizi yalishuka. Lakini ile ilikuwa kazi ya shirika. Ya serikali iko wapi?

Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia wapatao milioni 4.6 nchini Kenya, wengi wao kaskazini. Kaunti za huko zimekuwa na bajeti zao za afya na mifugo tangu 2013. Prazikwanteli, dawa ya minyoo ya mbwa, si kitu cha ajabu, na shimo lenye mfuniko kwenye machinjio halihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Waziri wa mifugo wa kaunti yoyote kati ya hizo aende machinjio ya ngamia asubuhi moja, bila kutangaza, ahesabu mbwa waliolala nje ya ukuta. Atuandikie idadi, tutaichapisha.