Mnunuzi Naye Ana Kesi ya Kujibu

Nimechoka na wimbo huu. Kila mtu akinunua kitu mnadani kwa njia ya intaneti, kisha kikamfikia kibovu, utamsikia akilalama kwamba intaneti ni wezi watupu. Wenzake barazani huitikia, na kesi hufungwa papo hapo. Mimi nasema kesi hiyo ifunguliwe upya, na safari hii mnunuzi naye apandishwe kizimbani. Nasema hivyo nikiwa na haki ya kusema, kwa maana mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2016 nilistaafu ualimu, nikapokea kiinua mgongo changu. Mke wangu alikuwa akisumbuliwa na magoti, na kupanda daladala alfajiri kwenda hospitali kulikuwa kumekwisha kumshinda. Tukaafikiana kununua gari dogo lililotumika, kutoka Japani. Waliotutangulia wakanieleza kuwa huko magari yaliyotumika huuzwa kwa wingi mnadani, lakini mtu baki hawezi kuingia na kunadi mwenyewe. Minada ile ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa. Sharti upate wakala, akuonyeshe magari kwa intaneti, umtajie dau lako la mwisho, naye anadi kwa niaba yako. Nikampata wakala. Mimi na mke wangu tukakubaliana: dola 2,800, hatuvuki hapo.

Usiku wa kuamkia mnada wakala akaniandikia kwamba gari nililolipenda lina watu wengi, afadhali niongeze. Nikaongeza hadi 3,100. Haikupita saa moja akaandika tena. Nikafika 3,500. Mke wangu alikuwa amelala, sikumwamsha. Kesho yake nikaambiwa nimeshinda, nikafurahi kama mtu aliyepewa gari bure, kumbe nimepewa bei.

Gari likafika bandari ya Dar es Salaam liking'aa. Wiki ya tatu likaanza kula tairi za upande mmoja. Fundi akalipandisha juu, akaingia uvunguni na tochi, akatoka akijifuta mikono. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "gari hili lilikwisha kufa, likafufuliwa." Akanionyesha mahali palipochomelewa na kupakwa rangi. Nikampigia wakala simu nikiwaka moto: kwa nini hakunieleza? Jibu lake sijalisahau hadi leo: "Mzee, karatasi ya mnada ilionyesha yote. Hukuuliza."

Jioni ile akanitumia hiyo karatasi. Pembeni juu, mahali pa kuandikwa daraja la gari, palikuwa na herufi moja tu: R.

Sasa, msomaji, ngoja nikueleze karatasi hiyo ni kitu gani, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Kabla gari halijanadiwa huko Japani, mkaguzi wa mnada hulikagua. Si muuzaji anayelisifu, wala si wakala; ni mtu wa mnada wenyewe. Hujaza karatasi yenye mchoro wa gari, na juu yake hutia alama: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata alama huonyesha ukubwa wa kasoro. Kisha gari hupewa daraja. Lenye 4 au 4.5 ni zuri. Lenye 3 limechakaa. Lenye R au RA limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Hata mita ya kilomita ikitiliwa shaka, huandikwa.

Wapo watakaosema, "Lakini sisi hatujui Kijapani." Hiyo ni hoja ya mvivu. R ni R. Namba 4 ni 4 kwetu na kwao. Maelezo ya chini yameandikwa kwa Kijapani, ni kweli, lakini alama zile mtoto wa darasa la tano hujifunza kwa dakika kumi. Mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini sikuzitoa dakika hizo kumi. Nilitazama picha. Na picha, wenzangu, ni gari lililooshwa.

Sisi si wageni wa minada. Soko la Feri samaki hunadiwa, Pugu ng'ombe hunadiwa. Marehemu baba yangu alikuwa akinunua maksai mnadani, nami nilifuatana naye nikiwa mdogo. Kwanza alimfungua ng'ombe mdomo akahesabu meno. Pili alimtembeza. Tatu, na hili ndilo nililolielewa nikiwa nimechelewa, alikwenda na fedha alizokusudia kutumia tu, zimefungwa kwenye kitambaa. Zilizobaki alimwachia mama nyumbani. Bei ikipita kitambaa, aligeuka akaondoka, na mnadishaji amwite apendavyo. Wanakijiji walimwita bahili. Leo namwita mwalimu wangu.

Wataalamu nao walikuja kuligundua jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta huko Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu makampuni yaliyoshindania vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Walionyesha kuwa anayeshinda mnada mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi kukadiria thamani. Wanaoshindana wakiwa wengi, yupo mmoja atakayekadiria kupita kiasi, na huyo ndiye atakayepewa. Jambo hilo huitwa laana ya mshindi. Kwa hiyo ukisikia "lina watu wengi", hiyo si sababu ya kuongeza. Ni sababu ya kutahadhari.

Na tusidanganyane kuhusu rahisi. Ni kweli magari ya kule yana nafuu, na sababu si uchawi. Gari jipya la kawaida hukaguliwa na serikali yao baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wenyewe wengi huona heri wauze. Tena wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, ndiyo maana magari yao yanatufaa. Lakini bei ya mnadani ni mwanzo tu. Kuna ada ya wakala, nauli ya meli, na bima. Hapa nyumbani kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani hadi bandarini, ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya hayo. Na Mamlaka ya Mapato ina makadirio yake ya thamani ya gari. Si lazima yafuate bei uliyobahatika nayo. Asiyepiga hesabu hizo kabla ya kutaja dau ananunua nusu ya gari.

Je, nimemwachilia wakala? La hasha! Mtu anayeiona R na kuninyamazia, huku ananihimiza niongeze dola, si mwaminifu, hata kama hakusema uongo hata neno moja. Lakini unyamavu wake ulihitaji msaada wangu, nami nilimpa. Ningemwandikia mstari mmoja tu, "nitumie karatasi ya mnada kabla sijataja bei", asingekuwa na pa kujificha: ama angeituma, ama angekataa, na kukataa kwake kungekuwa jibu. Hiyo ndiyo sheria ninayotaka kila mnunuzi aishike: hakuna karatasi, hakuna fedha. Fedha nazo ziende kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile lililo kwenye ankara, kamwe si ya mtu binafsi. Na dau la mwisho liandikwe mchana, mbele ya mwenzako, lisiguswe usiku.

Mnada wa intaneti wenyewe hauna ubaya. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alipoanzisha huko Marekani mnada ambao baadaye uliitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya miale iliyovunjika, kwa dola 14.83. Akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama anajua kwamba imevunjika. Mnunuzi akajibu kuwa anakusanya zilizovunjika. Muuzaji aliuliza, mnunuzi alijua, wala hapakuwa na kesi.

Gari langu nililiuza kwa hasara kubwa. Aliyekuja kulinunua, kijana wa makamo, alilizunguka mara moja tu, akasifu rangi, akaanza kuhesabu noti. Nikamwambia angoje. Nikaingia ndani nikamletea ile karatasi, nikamwonyesha R, nikamweleza maana yake, akapunguza bei pale pale.

Mke wangu alikuwa ameketi kibarazani akisikiliza. Kijana alipoondoka akaniuliza gari lile tulilinunua dola ngapi hasa. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza, nami nikamjibu.