Sauti ya Gakoromone Ifike Barazani

Askofu David Gitari, aliyeongoza Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyokumbatia Meru na Embu, aliipinga mimbarani kura ya mlolongo ya 1988. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Hakunyamaza. Mlolongo ulitupwa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Basi mama auzaye ndizi sokoni Gakoromone akililia ushuru, tusiishie kumwombea. Tuandike naye ombi, tutie sahihi, tumkabidhi mwakilishi wa wadi. Na mimbari asipewe kabla hajajibu.