Iko Giza Tu!



Tunataka kusema juu ya darubini, ile ya macho mawili ambayo wengi kwetu wanaita jumeli kufuata Kifaransa. Kila pahali inapofika, inaleta kicheko na magombano. Tuchukue mfano wa wanafunzi wanne kwenye barabara ya Kasenyi, pale Ziwa Albert linapoanza kuonekana kule chini. Wa kwanza anaitia machoni, anakunja uso, anasema: « Iko giza tu! » Wa pili anamsukuma: « Lete hapa, wewe hujui! » Giza lilelile. Wa tatu anaigeuza nyuma mbele: giza tena. Wa nne naye anaona giza, lakini anasema: « Aa, miye naona muzuri kabisa! Naona mpaka Uganda! » Kumbe vifuniko vingali juu ya vioo.

Mawazo yetu ni haya: wa kwanza ni mwanafunzi bora kuliko wa nne.

Kwa maana giza la darubini lina sababu zake, na mwenye kusema ukweli atasaidiwa. Kwanza, ondoa vifuniko. Pili, ikunje au ikunjue pale katikati mpaka duara mbili ziwe duara moja, kwa sababu macho ya watu hayapishani sawa. Tatu, jicho likikaa upande, kivuli cheusi kinaingia. Liweke sawasawa na kioo. Nne, soma namba. 8x30 maana yake inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina milimeta 30. Gawanya 30 kwa 8: mwanga unaofika jichoni una upana usiotimia milimeta 4. Mchana unatosha. Jioni, ao chini ya miti mikubwa ya Epulu, hautoshi. 7x50 inafaa zaidi, inatoa milimeta 7. Na katika pori lile lenye giza, Wambuti walimjua okapi tangu zamani bila darubini yoyote, wakati wataalamu wa Ulaya walimpa jina lao mwaka 1901 tu. Basi kumuuliza anayejua si haya.

Jambo moja la hatari: usiielekeze kwa jua hata siku moja. Giza la namna ile halina dawa.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu anauliza: « Mumesikia? » Darasa zima linajibu: « Ndiyooo! » Kisha intero inafika, na karatasi zinabaki nyeupe. Wa nne wamejaa pale! Wanaogopa kuchekwa. Kwa hiyo tunaomba wenzetu: anayesema « sijaona » asichekwe. Na ninyi waalimu, tunawaomba kwa heshima, musimwite mjinga mbele ya kutazama kama kifuniko kimeondolewa.

Tusome Marko 8. Yule kipofu wa Betsaida, Yesu alipomuuliza kama anaona kitu, hakujibu « ndiyo » ili kumpendeza. Alisema anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Ni kwa jibu lile Bwana aliweka mikono mara ya pili, naye akaona vizuri. Kama angejisifu, angalirudi kwao na miti yake.