Dawa ya Kichina ya saratani: Harbin walipima, wauza makopo hawapimi
Na Mwandishi Wetu, Kifaru

MGONJWA wa saratani anayeishi Kifaru, kando ya barabara kuu ya Moshi hadi Same, yuko njia panda. Aende KCMC mjini Moshi, ambako kitengo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2016, au abaki na mganga, awe wa mizizi ya milimani Upareni au wa vidonge vya Kichina?

Vidonge hivyo siku hizi vina utetezi mpya: kwamba vinatibu kwa njia ya epijenetiki. Neno lenyewe si la ulaghai. Ni elimu ya namna vinasaba vinavyowashwa na kuzimwa bila maandishi yake kubadilika. Katika saratani nyingi, vinasaba vinavyozuia chembe kuzaliana ovyo huwa vimezimwa, na kilichozimwa huenda kikawashwa tena.

Mfano wa kweli upo, nao ni wa China kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dk Zhang Tingdong na wenzake wa Harbin walifuatilia dawa ya kienyeji iliyochanganya aseniki, zebaki na sumu ya chura. Hawakuiuza kwenye makopo. Walikipima kila kiungo, wakaondoa zebaki na sumu ya chura, ikabaki aseniki, ambayo ilitolewa kwa sindano.

Ilifanya kazi dhidi ya aina moja ya saratani ya damu, lukemia ya promielositi. Katika ugonjwa huo, protini yenye kasoro huvifunga vinasaba vinavyokomaza chembe za damu; aseniki huivunja protini hiyo, vinasaba vikafunguka. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2000, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019.

Wauzaji hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba aseniki ni sumu inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari, wala kwamba ushindi huo ni wa saratani moja, si ya titi wala ya koo.

Tanzania si mgeni wa utafiti huu. Muhimbili ilianza kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusajili waganga. Hata hivyo, cheti cha usajili ukutani si ushahidi kwamba dawa ya mwenye cheti imewahi kupimwa kwa mgonjwa wa saratani, na wateja wengi huvichanganya viwili hivi.

Gharama ya kuvichanganya ni muda. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, hutibika ikigunduliwa mapema. Miezi inayopotea kwenye makopo ndiyo inayoivusha hatua hiyo.